Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Tarishi alikuwa ameshageuza baiskeli yake aondoke alipokumbuka jambo, akaegemeza mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango.

“Na yule Phatak wenu mlishampata?” aliuliza huku akicheka. “Kifurushi chake kimelala posta tangu Jumatatu. Kesho asubuhi kinarudi Bombay kilikotoka.”

“Phatak gani?” alijibu mama mwenye nyumba, akipokea barua ya mwanawe kwa haraka ya mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Lakini mkwewe, bibi arusi wa wiki tano, alikuwa amechutama uani akisugua ndoo ya shaba kwa majivu, na alisikia. Alisimama, maji yakimchuruzika viganjani.

“Jina lake la kwanza nani?”

“Mrudula. Mrudula Phatak. Kifurushi kinene, kimepigwa rejista. Nilikileta mwenyewe hadi hapa, bibi mkubwa akaniambia hakuna mtu wa jina hilo. Akatia sahihi, nami nikaandika hivyo juu yake.” Tarishi alimtazama vizuri zaidi. “Kwani unamjua, shemeji?”

“Namjua,” alisema yule mwanamke.

Tarishi akapiga kengele yake na kupotea kwenye uchochoro wa Sadashiv Peth. Mrudula alibaki amesimama palepale, majivu yakimkaukia vidoleni. Alijua kilichokuwamo ndani ya kifurushi kile kama mama anavyojua kilichomo tumboni mwake. Mlikuwa na mashairi yake arobaini na moja, yameshapangwa kwa herufi za risasi na kupigwa chapa ya majaribio, yakingoja jicho lake la mwisho kabla ya kuwa kitabu. Ilikuwa kazi ya miaka saba. Aliyaanza akiwa na miaka kumi na tisa, akiyaandika kwa Kiingereza pembeni mwa madaftari ya chuo. Mengi yalihusu nyumba ya pwani ya Konkan waliyoiacha baba yake alipohamishiwa Pune, nyumba yenye fenesi mlangoni na kisima ambamo sauti ya mtu ilirudi ikiwa nzito kuliko ilivyotumwa.

Aliosha mikono, akaingia sebuleni.

Bibi mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Aji, alikuwa ameketi kwenye pembea ya mbao, akisokota pamba kwenye paja kutengeneza tambi za taa ya sala. Alikuwa na miaka themanini na moja na mgongo ulionyooka kama rula.

“Aji, Jumatatu kilikuja kifurushi.”

“Kilikuja.”

“Kilikuwa changu.”

“Hakikuwa chako, binti. Masikio yangu hayana ugonjwa. Yule mtu alisoma jina la msichana wa kwa Phatak. Msichana wa kwa Phatak ameolewa. Humu ndani kuna Nirupama Barve. Ulitaka niidanganye serikali?”

“Ungeniita tu, nije nitazame.”

“Ningekuita kwa jina gani?”

Aji hakusema kwa kejeli. Aliweka tambi moja kando, akachukua pamba nyingine.

“Sikiliza,” alisema. “Mimi nililetwa nyumba hii nina miaka tisa. Yule mtoto mwenye jina la kwetu nilimwacha ng'ambo ya mto Krishna, amekalia sanduku, analia. Hakunifuata. Nami nimezaa sita, nimezika wawili, nimeshika funguo za nyumba hii miaka hamsini. Niambie wewe uliyesoma. Nimepungukiwa nini?”

Mrudula aliona kwamba kikongwe alikuwa anauliza kweli, na kwamba macho yake yalikuwa yakingoja jibu.

Siku ya harusi, kama desturi ilivyo, bwana arusi aliwekewa sinia la mchele mbele yake akapewa pete ya dhahabu. Kwa ukingo wa pete anaandika kwenye mchele jina jipya la mkewe, na tangu saa ile ndilo jina lake. Miezi mitatu kabla ya hapo, kwenye ngazi za maktaba walikokutana, Niranjan alikuwa amemshika mkono na kuapa. “Nitaandika Mrudula. Wakishangaa, washangae.” Naye alimwamini, maana huyu ndiye mwanamume aliyemsikia akisoma mashairi mbele ya watu kumi na mmoja na feni mbovu, akamfuata hadi nje na kumtajia kwa moyo mistari mitatu aliyoisikia mara moja tu. Lakini siku yenyewe ilipofika, Aji aliweka mkono begani mwa mjukuu wake na kusema, “Nirupama. Niranjan na Nirupama, yanalia pamoja kama bangili.” Pete ilisita juu ya mchele kwa muda wa pumzi mbili. Kisha ikaandika Nirupama. Watu wakagawiwa sukari.

Usiku ule hawakugombana. Niranjan alimwambia, “Ni neno tu kwenye mchele, mpenzi,” naye akaliacha lipite, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu wageni walikuwa wamelala hadi kwenye ngazi.

Leo walikuwa wagombane.

Niranjan alirudi saa saba kwa chakula. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya umwagiliaji, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye wino wa buluu usiotoka kwenye kidole cha kati. Alikula wali na dengu, akasifu achari, akapanda chumbani kupumzika kidogo. Mkewe alimfuata akafunga mlango.

“Aho,” alisema, kama wake wa mji ule wanavyowaita waume zao bila kuwataja majina. “Kurasa zangu zimefika.”

Uso wa Niranjan ulichangamka. “Ziko wapi?”

“Posta. Aji amezikataa.”

Alimweleza. Mwanamume alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kitandani taratibu.

“Aji ni mtu mzima,” alisema. “Tuseme amekosea. Kesho nikitoka kazini nitapita posta…”

“Kesho asubuhi kinaondoka.”

“Basi mchapaji wako, Bwana D'Mello, atakituma tena.”

“Mashine ya D'Mello ni ya kuazima. Jumamosi inarudi kwa mwenyewe. Kifurushi kikimfikia kimeandikwa hakuna mtu kama huyo, atachapa kitabu cha yule kijana wa Delhi anayengoja zamu, na mimi nitaambiwa mwakani. Na mwakani kutakuwa na mtoto, na mwaka wa pili kutakuwa na sababu nyingine. Unanijua. Unajua nilivyongoja.”

“Lakini kwa nini hukumwandikia D'Mello umpe jina jipya? Kingefika bila taabu.”

“Kwa sababu mashairi si ya Nirupama. Nirupama ana wiki tano duniani. Hajaandika hata orodha ya dukani.”

Niranjan alicheka bila kutaka, kisha akaona kwamba mkewe hacheki.

“Wewe mwenyewe hulitaji jina langu,” alisema Niranjan kwa sauti ya chini. “Tangu harusi sijalisikia kinywani mwako. Sijalalamika.”

“Lako halitajwi kwa kuwa linaheshimiwa. Watu wanalizunguka kama wanavyozunguka hekalu. Langu halitajwi kwa kuwa limefagiwa. Si kitu kimoja.”

“Na hicho Kiingereza chako! Mama ananiuliza, mkeo anaandika mambo gani kwa lugha ya watu waliokwishaondoka, asiyoweza kutuambia sisi kwa Kimarathi? Nimjibu nini?”

Mrudula alikwenda dirishani. Chini uani, mama mkwe alikuwa akianika pilipili kwenye mkeka.

“Mwambie hivi,” alisema bila kugeuka. “Kimarathi nakipenda kama nyumba ya mama yangu. Lakini kila chumba kina mwenyewe. Nikisema neno, mimi ni binti wa fulani. Nikisema jingine, mke wa fulani. Hata kilio kina namna yake iliyokwishapangwa na mahali pa kukalia. Kile Kiingereza nilikikuta kama nyumba iliyohamwa. Baridi, haina jiko, haina mtu anayenijua. Lakini hakuna aliyekuwa amenipangia pa kulala. Nikaingia na mkeka wangu.”

“Na mimi?” aliuliza Niranjan. “Katika nyumba hiyo, mimi niko wapi?”

Hapo ndipo alipogeuka. Walitazamana kwa muda mrefu, watu wawili waliokuwa wakipendana bado, na jambo hilo halikuwasaidia hata kidogo.

“Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi,” alisema.

Alifungua sanduku lake la bati, akatoa karatasi iliyoviringishwa na utepe, akavaa viatu. Niranjan aliinuka nusu. “Unakwenda wapi? Ngoja jua lipungue. Ngoja nizungumze na Aji kwanza, kwa utaratibu…” Lakini ngazi zilikuwa zinalia tayari chini ya miguu yake.

“Nirupama!” mama mkwe aliita kutoka kwenye pilipili zake. “Nirupama, unakwenda wapi saa hizi?”

Hakugeuka. Hakuwa amekusudia ujeuri. Alifika kona ya pili ndipo alipotambua kuwa ni yeye aliyekuwa akiitwa.

Posta ilikuwa na joto na harufu ya gundi. Nyuma ya dirisha la rejista alikaa karani mmoja aitwaye Shirke, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na miezi mitatu tu ya kazi iliyobaki. Shirke alikuwa mtu wa sheria. Kiingereza alikuwa amejifunza akiwa na miaka thelathini na tano, katika shule ya usiku ya manispaa, na hakuna karatasi aliyoipokea bila kuisoma pande zote mbili.

“Jina?”

“Mrudula Phatak.”

“Uthibitisho?”

Alimpa ile karatasi iliyoviringishwa. Ilikuwa shahada yake. Shirke aliifungua, akaisoma kutoka muhuri hadi sahihi.

“Daraja la kwanza,” alisema, na kwa mara ya kwanza aliinua macho. “Fasihi. Vizuri sana, mama. Vizuri mno.” Akaiviringisha kwa uangalifu na kumrudishia. “Lakini hii haitoshi.”

“Haitoshi kwa nini?”

“Shahada inasema Phatak ni nani. Haisemi kwamba Phatak anaishi katika nyumba ya Barve. Nyumba imesema hakuna mtu kama huyo, tena kwa sahihi. Sahihi nzuri, tazama. Basi nyumba ndiyo iseme yupo.”

“Mimi naishi nyumba hiyo.”

“Kwa jina gani?”

Mrudula alishika ukingo wa dirisha. Kifurushi kilikuwa mezani nyuma ya karani, hatua tatu tu, kimefungwa kamba, na juu yake maandishi mekundu yaliyomfuta.

“Bwana Shirke,” alisema polepole, “mle ndani mna mashairi. Naweza kukutajia lolote kati ya yale. Hili la kwanza linaanza hivi: Nilihama bila kusogea. Mlango ule ule, mguu ule ule, ila kuna mtu nimemwacha nje, na usiku kucha anabisha kwa mkono wangu.”

Mtu aliyekuwa amepanga foleni nyuma, mwenye barua mkononi, aliacha kujipepea.

“Nakuamini,” Shirke alisema hatimaye. “Kama ingekuwa kuamini, ningekupa sasa hivi na maji ya kunywa juu yake. Lakini mimi ni dirisha tu, mama. Lete mtu wa nyumba.”

“Mimi ni mtu wa nyumba.”

Ilikuwa sauti ya Niranjan. Alikuwa mlangoni, shati limemgandia mgongoni, amekanyaga baiskeli katika jua la saa tisa. Hakumtazama mkewe. Alikwenda moja kwa moja dirishani akapewa fomu na kalamu.

Aliandika mstari mmoja, akaurudisha. Shirke aliusoma kwa sauti: “Bibi yangu alisahau.” Akatikisa kichwa. “Alisahau? Mkono ulioandika hivi haujasahau kitu. Na kama alisahau, basi aje akumbuke yeye mwenyewe. Kijana, fomu ina swali moja. Maelezo yaliyotolewa ni ya kweli au si ya kweli?”

Niranjan aliishika kalamu lakini haikushuka. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, na Aji ndiye aliyembeba begani kimaisha tangu siku ile. Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kumwambia kikongwe yule hata kwamba chumvi imezidi. Sasa alitakiwa kuandika kwenye karatasi ya serikali, yenye muhuri, kwamba alichosema si kweli. Jasho lilimdondoka kwenye fomu. Aligeuza shingo, akamtazama Mrudula, na macho yake yalikuwa yanaomba.

Mrudula hakumsaidia. Moyo wake ulitaka kumwambia, acha, twende nyumbani. Alitazama saa ya ukutani badala ya uso wake.

“Usiandike ili kunipendeza,” alisema. “Ulishanipendeza mara moja, kwenye ngazi za maktaba, na unaona tulipofika. Kama unamjua huyo mtu, andika. Kama humjui, rudi nyumbani, wanakungoja kwa chai.”

Karani alijifanya kupanga stempu.

Niranjan aliinama, akaandika bila kuinua kalamu. Shirke aliipokea fomu, akaisoma kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti, kama kazi yake ilivyomtaka:

“Maelezo yaliyotolewa Jumatatu si ya kweli. Mrudula Phatak anaishi katika nyumba hii. Ni mke wangu. Nilimjua kwa jina hilo kabla ya jina lingine lolote.” Alisukuma miwani yake juu. “Sentensi ya mwisho haikuombwa,” alisema. “Lakini haidhuru.” Na akagonga muhuri.

Walikaa kwenye benchi la posta. Mrudula alikata kamba kwa meno. Juu ya kurasa palikuwa na barua fupi ya D'Mello: hongera kwa ndoa, mashine ni hadi Jumamosi, na kwenye jalada niweke jina gani? Nimeacha nafasi. Kweli, ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha kitabu na chini yake weupe mtupu.

Alisahihisha kwa kalamu ya Shirke, haraka, akinong'ona mistari, kidole kikifuata. Niranjan alimtazama. Hakuwa amemwona hivi tangu harusi. Bega moja limeinuka, nywele zimemwangukia, na usoni mwangaza ule ule uliomtoa yeye kwenye kiti chake maktabani.

“Utaweka lipi?” aliuliza Niranjan, mkewe alipofika mwisho.

Alifikiri kabla ya kujibu.

“Wiki tano nilikuwa nadhani hasira yangu ni kwamba mmeninyang'anya jina langu. Leo Aji kaniuliza amepungukiwa nini, nikakosa jibu. Maana hata Mrudula sikulichagua. Nilipewa na baba, na Phatak alipewa na baba yake.” Aliweka ncha ya kalamu kwenye ule weupe. “Lakini hili nimelifanyia kazi. Miaka saba. Ndiyo tofauti pekee ninayoijua.”

Akaandika Mrudula Phatak, kwa mkono ulionyooka.

Kurasa zisingeiwahi Jumamosi kwa posta. Walikwenda stesheni wawili kwa baiskeli moja, Mrudula amekaa ubavu kwenye kiti cha nyuma, mkono wake kiunoni mwa mumewe. Treni ya jioni ya Bombay ilikuwa imeshaingia. Alipata nafasi karibu na dirisha kwenye behewa la wanawake.

“Nije nawe?” Niranjan aliuliza kupitia vyuma vya dirisha.

“Hapana. Nani atamwambia Aji?”

“Utarudi?”

Mrudula alikiweka kifurushi mapajani. “Nirudi nikiwa nani? Mimi siwezi kulijibu hilo peke yangu, Niranjan.”

Alishtuka. Mkewe alikuwa amelitaja jina lake.

“Nitakuwa kwa shangazi, Dadar, hukohuko Bombay,” aliendelea Mrudula. “Jibu likipatikana, niandikie. Nami nitajua kwa kusoma juu ya bahasha tu, hata kabla sijaifungua.”

Treni ikaanza kwenda. Niranjan alishika vidole vyake kwenye chuma mpaka mwendo ukavitenganisha.

Niranjan alipofika nyumbani taa zilikuwa hazijawashwa. Aji alikuwa mbele ya kijumba cha sala, amepanga tambi zake kwenye mafuta. Mama alisimama mlangoni pa jiko, kitambaa mkononi, uso umemshuka.

“Nirupama yuko wapi?” aliuliza Aji.

“Mrudula amekwenda Bombay,” alisema Niranjan. “Kitabu chake kinachapwa.”

“Mwite mkeo kwa jina lake.”

“Ndilo nililomwita, Aji.”

Kiberiti kilisimama hewani. Mama alishika nguzo ya mlango.

“Na nimepita posta,” aliendelea, maana alijua asiposema sasa hatasema tena. “Nimeandika kwamba ulichomwambia tarishi si kweli.”

“Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Kwa sahihi?”

“Kwa sahihi.”

Kikongwe aliwasha taa. Alisali sala yote mpaka mwisho, bila kuruka neno, na mjukuu wake alibaki amesimama nyuma yake muda wote huo, viatu mkononi. Kisha aliinuka kwa kushika magoti, akampita.

“Wewe kaa,” alimwambia mama, aliyekuwa ameanza kuelekea kwenye masufuria. “Mtu anayeandika habari za nyumba hii kwenye karatasi za serikali anaijua vya kutosha. Leo atajipakulia mwenyewe.”

Mama alikaa. Niranjan aliingia jikoni. Alisimama katikati, akatazama rafu ya juu, kisha ya chini, kisha masanduku ya shaba ukutani. Alizaliwa katika nyumba ile, na hakujua sahani zinakaa wapi.